Nani Aliyeua Bakteria? Kisa cha Unga wa Zinki na Majani ya Kishona Nguo

Kisa hiki ni cha maabara ya chuo kikuu kimoja magharibi mwa Uganda. Majina ya watu, mwaka na jina la chuo vimeondolewa, na mambo madogo yasiyobadilisha maana yamegeuzwa. Nakisimulia kwa sababu kila mwaka vijana wetu wanaingia kwenye utafiti wa chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zilizotengenezwa kwa majani ya dawa, na wengi hukwama palepale walipokwama hawa. Tofauti ni kwamba hawa walisimama, wakarudi nyuma, na wakatoka na jambo la kweli mkononi.

Usuli

Wahusika ni wanne. Kuna mwanafunzi wa uzamili, binti wa kaskazini magharibi mwa nchi. Kuna msimamizi wake, mwanakemia. Kuna mtaalamu wa maabara ya vijidudu, mtu wa makamo ambaye wote humwita Mzee. Na kuna mama mmoja wa miteremko ya Rwenzori, upande wa Kasese, anayetibu watu kwa mitishamba. Binti hakujua Lukonzo na Mama hakujua Lugbara, kwa hiyo kazi yote ya kuuliza na kuelezana ilifanyika kwa Kiswahili.

Mmea wenyewe ni kishona nguo, Bidens pilosa, ambao Waganda huuita ssere. Ni yale magugu ya shambani ambayo mbegu zake nyeusi hunasa kwenye suruali. Mama huyaponda majani mabichi na kuyabandika kwenye kidonda kipya ili damu ikate. Matumizi hayo yanajulikana sehemu nyingi za Uganda. Binti alitaka kujua kama maji ya majani hayo yanaweza kutumika kutengeneza chembe za nano za oksidi ya zinki, na kama chembe hizo zingezuia bakteria wa vidonda, hasa Staphylococcus aureus na Pseudomonas aeruginosa.

Wazo lilikuwa zuri. Oksidi ya zinki si kitu kigeni mwilini: imo kwenye losheni ya kalamaini na kwenye krimu za kupaka watoto wanaobabuka kwa nepi. Bei yake ni ya kubebeka. Na maji ya majani yana fenoli na flavonoidi, kemikali za asili za mmea, ambazo hushikana na ioni za zinki na kuzuia fuwele zisikue ovyo, hivyo chembe hubaki ndogo bila kuhitaji kemikali ghali.

Ila pendekezo la utafiti lilikuwa na sentensi iliyosema kwamba majani "yanapunguza zinki" kwa kuipa elektroni. Sentensi hiyo imetoka kwenye utafiti wa chembe za metali ya fedha. Ioni ya fedha hupokea elektroni kutoka kwenye kemikali za mmea na kuwa metali, na ndiyo maana mchanganyiko hugeuka kahawia. Zinki huingia ikiwa na chaji mbili chanya na hutoka ndani ya oksidi ikiwa na chaji zilezile mbili. Hakuna elektroni iliyopokelewa. Kinachoangusha unga ni alkali, na kazi ya mmea ni kushikilia na kufunika. Msimamizi aliiona sentensi hiyo akaipitisha, kwa kuwa imeandikwa hivyo katika makala chungu nzima. Ninaitaja mapema kwa sababu ilikwisha kumpa mmea sifa isiyo yake hata kabla jiko halijawashwa.

Unga ulivyotengenezwa

Majani yalikusanywa kwa idhini ya Mama. Sampuli iliyokaushwa ilipelekwa kwa mtaalamu wa mimea akaithibitisha na kuipa namba ya hifadhi. Majani mengine yalianikwa kivulini, yakasagwa, gramu 10 zikapashwa moto kwenye mililita 100 za maji yaliyotoneshwa, yakachujwa. Maji hayo yalichanganywa na zinki asetati, kisha hidroksidi ya sodiamu, ile kostiki ya kutengenezea sabuni, ikatoneshwa polepole huku mchanganyiko ukikorogwa. Tope la rangi ya maziwa yenye chai kidogo likashuka chini. Likazungushwa kwenye sentrifuji, likaoshwa, likakaushwa, kisha likaingia kwenye tanuri la nyuzi 500 za Selsiasi kwa saa mbili.

Tanuri lilipofunguliwa unga ulikuwa wa manjano kama limau bivu. Binti akaandika kwenye daftari: "rangi ya mmea imebaki." Mzee akamwambia, "Subiri upoe." Baada ya dakika chache unga ukawa mweupe. Oksidi ya zinki hufanya hivyo yenyewe, huwa ya manjano ikiwa moto na hurudi nyeupe ikipoa, iwe imetoka kwenye majani au kiwandani. Ule mstari wa daftari haukufutwa. Ulipigwa alama moja na maelezo sahihi yakaandikwa pembeni pamoja na tarehe, kama inavyotakiwa.

Vipimo vya umbo vilikwenda sawa. Unga ulifyonza mwanga wa urujuanimno karibu na nanomita 370, panapotarajiwa kwa oksidi ya zinki. Sampuli ilipelekwa kwenye maabara nyingine yenye mashine ya eksirei, na vilele vikarudi mahali pake: pembe za nyuzi 31.7, 34.4, 36.2 na vingine, mpangilio wa fuwele zenye pande sita. Kwa hesabu ya Scherrer, inayokadiria ukubwa wa fuwele kutokana na upana wa vilele hivyo, ukubwa ulitoka katika kiwango cha nanomita. Hapa msomaji aweke alama: Scherrer hupima fuwele moja moja. Fuwele nyingi zikishikana na kuwa bonge kwenye maji, bakteria hukutana na bonge.

Sahani za kwanza

Jaribio la kwanza lilikuwa lile la kawaida. Agari ya Mueller-Hinton, chakula kigumu cha kuoteshea bakteria, ilipakwa bakteria waliopimwa kwa wingu la McFarland 0.5, kipimo cha kawaida cha wingi wa bakteria kwenye maji, diski za karatasi zikalowekwa unga uliochanganywa na maji, sahani zikalala kwenye inkubeta ya nyuzi 37. Asubuhi yake, kwenye sahani za Staphylococcus, kila diski ilikuwa na duara safi lisiloota kitu, pana, likikaribia lile la siprofloksasini, antibiotiki iliyowekwa kwa kulinganishia.

Furaha ilikuwa kubwa, na ninaielewa. Ikisiri ya mkutano ilianza kuandikwa siku hiyohiyo, ikisema unga wa kishona nguo "unakaribia nguvu ya antibiotiki". Binti akampigia Mama simu: "Mama, majani yako yamefanya kazi!" Mama akajibu, "Mimi nilijua tangu zamani, mwanangu. Sasa nyinyi mmejua."

Swali la Mzee

Mzee aliinua sahani moja akaiweka kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama chini na juu. Kisha akauliza mambo matatu, nami nayaweka hapa kama yalivyoandikwa kwenye daftari.

"Kwenye diski hii umeweka kiasi gani?" Hesabu: maikrolita 20 za mchanganyiko wa miligramu 50 kwa mililita, yaani miligramu moja nzima, maikrogramu 1000. Diski ya siprofloksasini ina maikrogramu 5. Unga ulikuwa umepewa uzito mara 200 ya dawa, kisha ukalinganishwa na dawa kwa upana wa duara.

"Chembe zako zinatembeaje kwenye agari?" Duara hutokea pale kitu kinapoyeyuka na kusambaa ndani ya agari. Mabonge ya oksidi ya zinki hukaa pale yalipowekwa, na kwa jicho tu aliweza kuyaona yamelala chini ya diski kama vumbi la chokaa. Basi kilichosambaa hadi ukingo wa duara ni kitu kingine: zinki iliyoyeyuka, au masalia ya kostiki.

"Sahani ya zinki tupu iko wapi?" Haikuwepo. Wala sahani ya maji ya majani peke yake. Wala ya unga uliotengenezwa bila majani. Kulikuwa na unga, antibiotiki na maji.

Uamuzi na sababu zake

Palikuwa na njia mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa kupeleka ikisiri kama ilivyo na kuongeza vilinganishi, yaani zile sahani zilizokosekana, baadaye wakati wa kuandika tasnifu. Msimamizi alielekea huko mwanzoni, na sababu zake hazikuwa za kipuuzi: siku ya mwisho ya kupokea ikisiri ilikuwa karibu, fedha za agari zilikuwa zimebaki kidogo, na mkutano ungemfungulia binti milango. Njia ya pili ilikuwa kuzuia ikisiri na kuanza upya.

Walichagua ya pili. Kilichowaamua kilikuwa ile simu. Binti alisema waziwazi kwenye kikao kwamba Mama angeanza kuwaambia wagonjwa wake kuwa chuo kimethibitisha, na kwamba wapo watakaochelewa hospitali na vidonda vyao kwa sababu ya neno hilo. Msimamizi akanyamaza, kisha akakubali. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi mkubwa kuliko wote katika kisa hiki, na ulifanywa kwa hoja ya mgonjwa, kabla ya hoja ya kemia.

Wakakubaliana pia kwamba safari hii ramani ya sahani, yaani mpango wa nini kiwekwe wapi, ichorwe kwenye karatasi na kusainiwa na wote watatu kabla ya bakteria kutolewa kwenye friji.

Raundi ya pili

Kwanza waliuosha unga tena. Fungu la awali lilikuwa limeoshwa mara mbili tu kwa sababu maji yaliyotoneshwa yalikuwa haba wiki ile. Safari hii waliosha mpaka karatasi ya pH ikaonyesha kwamba maji ya mwisho hayana ukali wowote. Yale maji ya kuoshea hayakumwagwa. Yalihifadhiwa, nayo yakapewa diski yake.

Kisha walitengeneza unga wa pili kwa hatua zilezile, tanuri lilelile, ila mahali pa maji ya majani wakaweka maji matupu. Na unga wa tatu wenye majani ukakaushwa kwa nyuzi 80 bila kuingia tanurini.

Zinki asetati iliwekwa kwa kulinganisha zinki kwa zinki. Hili hukosewa sana. Gramu moja ya oksidi ya zinki ina takriban gramu 0.80 za zinki, lakini gramu moja ya zinki asetati yenye maji yake ina gramu 0.30 tu. Ukizilinganisha kwa uzito sawa, chumvi inaonekana dhaifu na unga unaonekana shujaa. Kwa kila miligramu ya oksidi walihitaji miligramu 2.7 za asetati.

Diski zikaachwa zibaki kama kipimo cha mchujo wa awali tu. Kipimo chenyewe kikahamia kwenye mchuzi wa lishe, chakula cha majimaji cha bakteria, ndani ya visima vidogo vya bamba lenye visima 96, kila kisima kikiwa na nusu ya kiasi kilichotangulia. Unga huufanya mchuzi uwe na wingu, kwa hiyo jicho haliwezi kutofautisha wingu la bakteria na wingu la unga. Wakatumia resazurini, rangi ya bluu inayogeuka waridi bakteria wakiwa hai. Kwa kuwa fenoli za mimea nazo zinaweza kuigeuza rangi hiyo, waliweka visima vyenye unga na resazurini bila bakteria, na visima vya mpakani vikapandwa upya kwenye agari safi ili kuona kama kuna kinachoota.

Mwisho, mwanga. Hili nalo lilitoka kwa Mzee, aliyekumbuka kwamba sahani za kwanza zilitayarishwa kwenye meza ya dirishani, jua la saa nne likiingia. Oksidi ya zinki ikipigwa na urujuanimno wa mawimbi marefu, ambao kioo cha dirisha hupitisha kwa kiasi kikubwa, hutoa aina kali za oksijeni zinazochoma utando wa bakteria. Tena kishona nguo chenyewe kina kemikali ziitwazo poliasetilini, mojawapo ikiwa fenilheptatriini, inayojulikana kuua vijidudu ikiangaziwa na mwanga huohuo. Basi kila bamba likawa na pacha wake aliyefungwa kwa foili.

Matokeo

Maji ya kuoshea ya fungu la kwanza, yasiyo na chembe hata moja, yalitoa duara karibu sawa na la unga wenyewe. Duara lililoleta shangwe lilikuwa la zinki iliyoyeyuka na alkali ambayo haikuondolewa.

Unga uliooshwa vizuri ulibaki na kijiduara chembamba kuzunguka diski. Maji ya majani peke yake, kwa kiasi kilichokuwemo, hayakuzuia kitu. Zinki asetati ilitoa duara pana kuliko zote.

Kwenye mchuzi, unga uliopita tanurini ukiwa na majani na ule usio na majani ulizuia Staphylococcus kwa viwango vilivyotofautiana kwa hatua moja tu ya nusu, na hatua moja ni makosa ya kawaida ya kipimo hicho. Kwa maneno mengine, zilikuwa sawa. Pseudomonas hakujali sana unga wowote.

Unga uliokaushwa kwa nyuzi 80 ndio uliotofautiana. Ulikaa ukielea kwenye maji bila kutuama haraka, na ulizuia Staphylococcus kwa kiwango cha chini kwa hatua mbili, katika mafungu matatu yaliyotengenezwa kwa nyakati mbalimbali. Ukifungwa kwa foili, sehemu kubwa ya faida hiyo ilipotea.

Tasnifu ilibadilishwa jina, ikatetewa na kupita. Ikisiri ilipelekwa kwenye mkutano wa baadaye ikiwa na sentensi ndogo zaidi na jedwali kubwa zaidi.

Uchambuzi

Kosa la msingi lilikuwa la tanuri, na ningependa wanafunzi walitafakari kuliko mengine yote. Tukipandisha joto hadi nyuzi 500, fenoli, flavonoidi na kila kitu cha mmea huungua na kuondoka kama gesi. Kinachobaki ni oksidi safi na labda majivu kidogo. Huwezi kuuchoma mmea kisha ukasema nguvu ya mmea imo kwenye unga. Unachoweza kusema ni kwamba mmea uliathiri ukubwa au umbo la fuwele kabla ya kuungua, na hilo lazima lipimwe dhidi ya unga uliotengenezwa bila mmea. Anayetaka ganda la mmea libaki juu ya chembe asilipandishe joto hivyo, kisha aonyeshe kwa kipimo cha infraredi kwamba ganda lipo kweli. Binti alifanya hivyo raundi ya pili: alama za fenoli zilionekana kwenye unga wa nyuzi 80, na kwenye unga wa tanuri zilikuwa zimetoweka, ikabaki ile ya zinki na oksijeni tu.

Kuhusu mwanga, kikundi kilielekea kuamini kwamba faida ilitoka kwa oksidi. Poliasetilini haziyeyuki vizuri kwenye maji, na hapa majani yalichemshwa kwa maji. Hoja hiyo ni nzuri, lakini ni hoja. Kipimo chake kingekuwa kutengeneza unga mwingine kwa majani yaliyolowekwa kwenye ethanoli, na hawakuwa na fedha za kukifanya. Tasnifu imesema hivyo wazi, na nawapongeza kwa hilo.

Kilichofanya kazi vizuri ni ramani ya sahani iliyosainiwa kabla. Ilimwondolea binti mzigo wa kuamua kilinganishi kipi kina umuhimu huku akiwa tayari ameona matokeo yanayomfurahisha. Ilimpa pia Mzee nafasi ya kusema mwanzoni. Katika maabara zetu nyingi mtaalamu wa maabara huitwa pale mashine inapokwama, ilhali yeye ndiye aliyeona sahani nyingi kuliko profesa yeyote. Laiti angekuwepo kwenye kikao cha pendekezo, ile agari ya kwanza isingeliwa bure.

Kingine kilichofaa ni makaratasi, ingawa yalichosha. Uganda ina kanuni za mwaka 2005 kuhusu kupata rasilimali za kijenetiki na kugawana faida zake, na utafiti husajiliwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Kwa kuwa makubaliano na Mama yaliandikwa tangu mwanzo, mazungumzo ya pili naye yalikuwa na mahali pa kusimamia.

Kurudi kwa Mama

Binti hakutumia simu safari hii. Alipanda hadi nyumbani kwake na picha za sahani zilizochapishwa.

"Mama, nilisema mapema. Duara lile halikuwa la majani. Lilikuwa la zinki."

Mama aliziangalia picha moja moja. "Kwa hiyo majani hayafai?"

"Hilo hatujalipima, mama. Wewe unaponda mabichi unabandika, damu inakata. Sisi tuliyachemsha, tukayachoma. Ni vitu viwili."

Mama akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza chuoni: unga huo ukiwekwa kwenye kidonda, nyama mpya inayoota inafanywaje? Binti akamjibu kwamba hawajui, na kwamba hawatampa mtu yeyote ajipake. Mama akasema hata yeye hampi mtu dawa asiyojua inavyofanya kazi mwilini.

Swali hilo sasa ndilo kazi ya mwanafunzi anayefuata. Litapimwa kwenye seli za ngozi za binadamu zinazokuzwa maabarani, kwa kutumia rangi ya MTT, ambayo seli hai huigeuza zambarau. Fenoli za kishona nguo zinaweza kuigeuza rangi hiyo bila seli yoyote kuwepo, na seli zilizokufa zikahesabiwa hai. Ramani ya bamba imeshachorwa, na safu yake ya kwanza ni unga na MTT bila seli. Sahihi ya Mzee ndiyo ya kwanza chini yake.